Kubadilisha diski ya laptopu ya zamani mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanahusu laptopu zinazotumia diski ya SATA (aina ya soketi inayounganisha diski na ubao) ya inchi 2.5, yaani nyingi zilizotengenezwa kati ya 2008 na 2015: ThinkPad T420, T430, X220 na X230, Dell Latitude E6420 na E6430, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012 (isiyo ya Retina), na nyingine za rika hilo. Ndizo zilizojaa kwenye maduka ya mtumba, Kariakoo na Luthuli Avenue kadhalika. Kazi ya bisibisi yenyewe huchukua dakika kumi. Anayepoteza mafaili yake ya miaka mingi huyapoteza kabla ya kufungua au mara tu baada ya kufunga, na ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya iko huko.

Nitajuaje kwamba tatizo ni diski, si kitu kingine?

Ukiwa kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya diski wakati kompyuta imekwama. Ikiwa diski iko asilimia 100 huku prosesa ikiwa chini ya 20, foleni iko kwenye diski. Hiyo bado haimaanishi kwamba imeharibika. Huenda ni diski ya sahani (HDD, yenye sahani zinazozunguka ndani) iliyozeeka tu na kulemewa na mfumo wa kisasa.

Kujua kama inakufa, fungua programu ya CrystalDiskInfo (kwenye Linux tumia amri `smartctl -a /dev/sda`) na usome mistari minne. Namba 05 ni sekta zilizoharibika na kuhamishwa. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa. C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao, na hapo mwenye kosa mara nyingi ni kebo au soketi, si diski. Angalia safu ya mwisho yenye thamani ghafi, na kumbuka kwamba CrystalDiskInfo huonyesha tarakimu hizo kwa mfumo wa hexa: 0A ni 10, na 64 ni 100.

C5 ikizidi sifuri, nakili mafaili yako leo hii. Usingoje mwisho wa wiki.

Diski inagonga tik-tik-tik na mafaili yangu yote yamo humo. Nifanye nini kwanza?

Izime. Mlio huo ni kichwa cha kusomea kikirudi mwanzo kila kinaposhindwa kujua kilipo, na kila dakika ya kuwashwa inaweza kukwaruza sahani zaidi.

Usiendeshe `chkdsk /r` kwenye diski ya namna hii, hata kama kila mtu anakushauri hivyo. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha orodha ya mafaili, haina habari na kuokoa kilichomo. Itailazimisha diski mgonjwa isomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, na njiani itaandika juu yake. Kuiweka kwenye friji nako usithubutu: unyevu huganda juu ya sahani, nawe unaongeza ugonjwa wa pili.

Ikiwa bado inaonekana kwenye BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows), washa kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi na utumie ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima na kuziacha mbovu kwa baadaye:

`ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb ramani.log`

Ya kwanza ni diski mbovu, ya pili ni mpya. Ukizigeuza umefuta kila kitu, kwa hiyo tumia `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL` mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Faili la ramani lihifadhiwe kwenye flashi nyingine, maana ndilo linalokuwezesha kuendelea ulipoishia umeme ukikatika. Awamu ya kwanza ikiisha, rudia amri hiyo bila `-n` na kwa kuongeza `-r3` ili ijaribu zile sehemu mbovu mara tatu.

Ikiwa haizunguki kabisa au haionekani kwenye BIOS, na kilichomo kina thamani kwako, ishia hapo. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa kuokoa data. Na fundi yeyote anayetaka kufungua kifuniko cha diski mezani kwake, penye vumbi, mkatalie.

Ninunue diski ya aina gani?

SSD (diski isiyo na sahani wala kitu kinachozunguka) ya SATA, inchi 2.5, unene wa milimita 7. Diski ya sahani mpya inaingia pia, ila hatuoni sababu ya kuiweka isipokuwa unahitaji nafasi kubwa sana kwa bei ndogo.

Unene ni jambo la kuangaliwa. Diski nyingi za zamani zina milimita 9.5, na SSD ya milimita 7 ikiingia kwenye nafasi hiyo inabaki ikicheza. Baadhi ya SSD huja na fremu ya plastiki ya milimita 2.5 ya kuziba pengo. X220 na X230 zenyewe zimetengenezewa milimita 7, zikiwa na reli mbili za raba ubavuni. Reli hizo usizitupe pamoja na diski ya zamani.

Usinunue M.2, ile nyembamba kama kipande cha bigijii. Zile za NVMe (M.2 zisizotumia SATA) hazitafanya kazi kwenye soketi ya SATA hata ukizitafutia adapta.

Kuhusu daraja: SSD za bei nafuu kama Kingston A400 na Crucial BX500 hazina kumbukumbu ya DRAM ya kutunzia ramani ya mahali data ilipo, kwa hiyo hulegea unapoandika mafaili makubwa kwa mfululizo. Samsung 870 EVO inayo. Kwa barua, mtandao, hesabu za duka na mihadhara ya chuo hutaiona tofauti. Kwa kuhariri video utaiona.

Watu huogopa kwamba SSD inakwisha kwa kuandikwa. A400 ya GB 240 imekadiriwa kubeba terabaiti 80 za kuandika. Ukiandika GB 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa matumizi ya kawaida, utazifikia baada ya takriban miaka 11.

Laptopu yangu ina SATA II tu. Si nitakuwa nimepoteza hela?

Hapana. SATA II inapitisha takriban MB 300 kwa sekunde, SATA III takriban 600, na diski ya sahani ya mizunguko 5400 yenyewe haifiki hata 150. Lakini kasi hiyo ya mfululizo siyo inayokuumiza. Diski ya sahani hutumia zaidi ya milisekunde 10 kukifikia kila kipande cha faili, kwa kuwa kichwa lazima kisogee na kungoja sahani izunguke hadi pale. SSD hutumia kama milisekunde 0.1. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotapakaa, na hapo ndipo dakika tatu zinapogeuka kuwa nusu dakika.

Nitaepukaje SSD feki?

Bei ya kushangaza ndiyo dalili ya kwanza: TB 2 kwa bei ya GB 240 haipo. Feki nyingi ni kadi ndogo ya kumbukumbu ndani ya kasha zuri, yenye programu iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Ukiandika ndani ya uwezo wake halisi yote ni shwari; ukivuka, mafaili yanabaki majina bila kitu ndani.

Ipime kabla haijabeba mafaili yako. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux tumia `f3write` kisha `f3read`. Hujaza diski yote na kuisoma tena. Inachukua muda, lakini kubaliana na muuzaji mapema kwamba utaipima na unaweza kuirudisha.

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ya nyota PH0 na PH1 (MacBook: PH00 na Torx T6), kebo au kasha la kugeuza SATA kuwa USB, flashi ya GB 8 au zaidi, na kisahani cha kuwekea skrubu. Kebo ya USB 3.0 inafaa zaidi hata kama laptopu ina USB 2.0, kwa sababu utaendelea kuitumia kwingine. Skrubu za kushikia diski ni M3 za milimita 3; ukitia ndefu zaidi ulizookota droo, zinaweza kutoboa hadi kwenye ubao wa SSD.

Ninakili diski nzima au nisimike mfumo upya?

Kama diski ni nzima na Windows inakwenda vizuri, nakili; utakuta kila kitu mahali pake. Kama Windows imejaa takataka, ina virusi, au diski ina sekta mbovu, simika upya na urudishe mafaili peke yake. Laptopu ya mtumba ambayo hujui nani aliiamilisha Windows yake, na kwa ujanja gani, nayo tunashauri uisimike upya: ukinakili, unahamisha na ule ujanja.

Nanakilije?

Anza kwa nakala ya akiba ya mafaili muhimu kwenye diski ya tatu au flashi. Kunakili diski nzima hakuhesabiki kama akiba.

Angalia kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo, imewashwa. Ikiwa imewashwa na diski ni nzima, izime kwa `manage-bde -off C:` na ungoje imalize. Ikiwa diski ni mbovu usiizime, maana kufanya hivyo huandika upya diski yote. Hakikisha tu unao ule ufunguo wa tarakimu 48.

Zima Windows kikamilifu kwa amri `shutdown /s /t 0`. Kuzima kwa kawaida huiacha nusu usingizini, na Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski, inaweza kugoma kuisoma.

Chomeka SSD kwa USB, washa kompyuta kwa flashi ya Clonezilla, chagua kazi ya kifaa kwenda kifaa, kisha diski kwenda diski. Itakuuliza mara mbili kama una hakika. Maswali hayo mawili yasome kwa sauti: chanzo ni diski ya ndani, diski lengwa ni SSD. Zitambue kwa jina la modeli na ukubwa, usitegemee herufi.

Muda: GB 500 kupitia USB 2.0, kwa MB 30 hivi kwa sekunde, ni karibu saa nne na nusu. Kwa USB 3.0 diski ya sahani yenyewe ndiyo inayochelewesha, na hesabu inashuka hadi saa moja na nusu. Clonezilla hunakili sehemu zilizotumika tu, kwa hiyo kwa kawaida ni pungufu ya hapo. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa. Umeme ukikatika, betri ndiyo itakayokuvusha.

Ikiwa SSD haionekani au inajitoa katikati, badilisha tundu la USB. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu na la 3.0 hutoa 900, na kuna diski zinazotaka zaidi ya hapo wakati wa kuanza.

SSD yangu ni ndogo kuliko diski ya zamani. Itawezekana?

Itawezekana, ila Clonezilla kwa mpangilio wake wa kawaida hudai diski lengwa isiwe ndogo. Diski ya GB 500 yenye GB 120 tu zilizotumika inaweza kuhamia kwenye GB 240 kwa kutumia programu anayoitoa mtengenezaji wa SSD. Samsung wana yao, na Crucial na Kingston hutoa toleo la Acronis. Hizo hupunguza sehemu zenyewe. Hamisha kwanza video na picha zako kwingine. Ukibaki na chini ya moja ya tano ya nafasi wazi kwenye SSD, ulinunua ndogo.

Leseni ya Windows itapotea?

Hapana. Leseni ya Windows 10 imefungamana na ubao mama, na laptopu zilizokuja na Windows 8 au baadaye zina namba ndani ya programu ya ubao wenyewe. Ukisimika upya toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajiamilisha ikipata intaneti.

Naifunguaje?

Kabla ya bisibisi, ingia BIOS (ThinkPad F1, Dell F2, HP F10) na upige picha kwa simu kurasa za SATA na za kuwasha. Sababu yake utaiona kwenye swali la skrini ya bluu.

Zima, chomoa chaja, toa betri, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kilicho wazi, kama bomba au fremu ya dirisha, kabla ya kushika SSD.

ThinkPad T430 na X230: skrubu moja chini inashika kifuniko cha diski. Ilegeze, vuta kifuniko, kisha vuta diski kwa utepe wake mpaka itoke. Vua reli za raba uzivishe SSD, isukume ndani mpaka uhisi imekaa. Diski iliyokaa nusu ndiyo kosa la kawaida kuliko yote: kifuniko kinafunga, macho yanaridhika, lakini pini hazijagusana.

Latitude E6430: skrubu mbili chini, kisha diski inatoka kwa ubavu pamoja na kishikizo chake. Hamishia kishikizo kwenye SSD. Bila hicho haitakaa sawa.

ThinkPad T440 na X240 zina betri ya pili ndani. Izime kwanza kwenye BIOS, kwenye ukurasa wa umeme, kabla ya kufungua kifuniko cha chini.

MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012: skrubu 10 chini, 3 ndefu na 7 fupi. Zipange juu ya karatasi kwa umbo lilelile zilivyokaa. Chomoa plagi ya betri kwenye ubao, kwa kuinyanyua wima. Kibano cha diski kina skrubu mbili, na diski ina vijiti vinne vya Torx T6 vya kuhamishia kwenye SSD. Kebo yake bapa ya SATA ni dhaifu mno. Isogeze kwa kidole, usiikunje. Ikichoka, utaona folda yenye alama ya kuuliza, ilhali SSD ileile kwa USB inawaka bila tatizo. Hapo badilisha kebo, SSD haina kosa.

Kichwa cha skrubu kimelika, bisibisi inazunguka bure.

Weka raba bendi pana kati ya bisibisi na skrubu, gandamiza kwa uzito wa mkono, zungusha polepole. Mara nyingi chanzo ni bisibisi ndogo kuliko tundu. PH00 kwenye skrubu ya PH1 itaila tu.

Nimefunga, lakini inasema hakuna diski ya kuwashia.

Ingia BIOS. Kama SSD haionekani humo, zima, toa betri, ichomoe na kuichomeka tena. Kama inaonekana, tatizo ni namna ya kuwasha. MBR na GPT ni namna mbili za kupanga diski: ya zamani iliyopangwa kwa MBR huwaka kwa hali ya Legacy, iliyopangwa kwa GPT huwaka kwa UEFI, na nakala hurithi mpangilio wa mama yake. Badilisha hali hiyo BIOS ifanane nayo.

Na usiwashe mara ya kwanza ukiwa umechomeka diski zote mbili. Zina saini moja, Windows itachanganyikiwa na kuiweka moja kando, au itawaka kutoka ile ya zamani nawe ukaridhika kwamba umemaliza.

Inaanza Windows kisha skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Windows inakuta SATA iko katika hali tofauti na ile iliyoizoea: AHCI imekuwa RAID (namna mbili za ubao kuwasiliana na diski), au kinyume chake. Hujagusa kitu? Huenda BIOS imejigusa yenyewe. Laptopu ya miaka 10 mara nyingi ina betri ndogo ya CR2032 iliyokufa. Ukitoa betri kubwa na chaja, mipangilio yote inarudi ya kiwandani, na kwenye Latitude ya kiwandani ni RAID. Saa iliyorudi nyuma miaka mingi ni ushahidi. Rudisha kama ilivyo kwenye picha yako ya simu, na Windows itawaka. Kisha badilisha CR2032, bei yake ni ndogo. Nyingine zina kiwaya na plagi, kwa hiyo itazame ya zamani kabla ya kununua.

Nimenunua GB 240, Windows inaonyesha 223. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu 1,073,741,824. Kwa hesabu hiyohiyo 480 huonekana 447, na TB 1 huonekana 931.

Niipange upya SSD kwa defrag kila mwezi?

Hapana. Kipande cha faili kikiwa popote kwenye SSD kinafikiwa kwa muda uleule. Kinachohitajika ni TRIM, ambayo huiambia SSD nafasi zipi zimefutwa. Andika `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu likiwa 0, inafanya kazi. Kwenye Linux angalia `systemctl status fstrim.timer`. Kwenye Mac yenye SSD ya kununua, TRIM haiwaki yenyewe. Tumia `sudo trimforce enable`.

Kwa laptopu ya 2012, bado inafaa baada ya Windows 10 kufika mwisho?

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa za rika hilo. Tunachopendekeza ni Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Laptopu yenye SSD na RAM ya GB 8 inaiendesha bila kuhema, na uandishi, mtandao na barua vyote vimo. Anayetegemea programu fulani ya uhasibu ya Windows ahakikishe hilo kabla ya kununua chochote.

Diski ya zamani niifanyeje?

Iache kabatini mwezi mzima bila kuigusa. Faili ulilosahau hujitokeza wiki ya tatu.

Baadaye, kama namba 05, C5 na C6 ni sifuri, itie kwenye kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala. Kwa kazi hiyo ni afadhali kuliko SSD ya kuweka kabatini: kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya vifaa vya elektroniki, kinaitaka SSD ya kawaida iliyokwisha kutumika hadi mwisho wa makadirio yake itunze data mwaka mmoja tu bila umeme, kwa nyuzi 30, na vyumba vingi vya Pwani huvuka nyuzi hizo.

Ukitaka kuiuza au kuitoa, kuifomati haraka hakufuti kitu. Anayeinunua atarudisha picha zako kwa programu ya bure. Ichomeke kwa USB, fungua `diskpart`, andika `list disk`, chagua namba yake kwa kuangalia ukubwa, kisha `clean all`. Itaandika sifuri kila mahali, na GB 500 zitakula saa kadhaa. Kama imekufa na haiandikiki, toboa sahani zake kwa drili, penye matundu matatu au manne, ukivaa miwani ya kazi, maana kwenye laptopu nyingi sahani hizo ni za kioo na hupasuka vipandevipande.